Matairi ya baiskeli kwa njia za mawe na vumbi: ubavu kwanza, meno baadaye

Mtu anayeingia dukani kutafuta matairi ya baiskeli ya milimani huanza kwa kutazama meno. Huligeuza tairi, hupitisha kidole juu yake, huamua kwamba meno marefu na makali ndiyo yatakayomshikia njia, kisha hulipa na kwenda zake. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na kwenye udongo mwekundu wa msitu wa Karura na vijia vya mashamba ya chai ya Limuru sikupata sababu ya kujuta. Nilipoanza kuendesha mara kwa mara katika Bonde la Ufa, yaani Hell's Gate karibu na Ziwa Naivasha, na mteremko unaotoka Milima ya Ngong kuelekea Olorgesailie na Magadi, ndipo nilipoelewa kwamba katika nchi ya mawe makavu, sehemu ya tairi inayoamua kama utarudi umekaa kwenye tandiko au ukiikokota baiskeli ni ile ambayo wanunuzi wengi hawaitazami kabisa: ubavu, yaani ukuta wa pembeni kati ya meno na rimu.

Tathmini hii inahusu matairi niliyoyatumia katika njia hizo kwa miezi 14. Baiskeli yangu ina magurudumu ya inchi 29 na rimu zenye upana wa ndani wa milimita 30, nami nina uzito wa kilo 76 kabla ya kubeba maji. Ninayataja hayo mapema kwa sababu ushauri wa matairi usiotaja uzito wa mwendeshaji na upana wa rimu haumsaidii anayeusoma; tairi linalomfaa mtu wa kilo 60 linaweza kumwaibisha mtu wa kilo 90 katika kona ileile.

Hell's Gate ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia, twiga na nyati. Barabara kuu kutoka lango la Elsa hadi penye korongo la Ol Njorowa ina urefu wa takribani kilomita 8, na haina shida. Baiskeli za kukodi zinazopatikana langoni huipita kila siku kwa matairi ya kawaida. Shida huanza unapoiacha barabara hiyo na kupanda mzunguko unaoitwa Buffalo Circuit, ambako majivu ya volkano yamelala kama unga juu ya tabaka gumu, na ndani ya unga huo kuna mawe usiyoyaona mpaka yameshagonga rimu. Juu ya hayo, ardhi ya upande wa Olkaria ina vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho wakazi wa kale wa bonde hilo walikichonga kuwa visu na vyembe. Kitu kilichoweza kuchuna ngozi ya mnyama hakipati kazi kubwa kwa mpira wenye unene wa milimita moja au mbili.

Upande wa Magadi mawe ni ya namna nyingine. Huko ni lava iliyopoa na kupasuka katika kingo za pembe, na mengi yamejishikiza ardhini hivi kwamba gurudumu linapoyagonga hayasogei. Kinachosogea ni tairi, na likikosa unene wa kutosha rimu nayo hupata bonde dogo lisilonyooka tena sawasawa. Kwa hiyo njia hizi mbili, ingawa zote huitwa za mawe na ukame, huua tairi kwa njia tofauti: ya kwanza hulikata, ya pili hulibana kati ya jiwe na chuma.

Nililipa ada ya somo la kwanza kwa matairi mepesi, ya gramu 600 hivi kila moja, yaliyoundwa kwa ajili ya mashindano ya kasi. Yalikwenda kwa wepesi wa kupendeza hadi nilipopita kwenye mfereji mkavu uliojaa mawe na kusikia sauti ya upepo ukitoka. Mpasuko ulikuwa wa sentimita tatu, ubavuni, mahali pasipo na meno hata moja. Silanti, ule utomvu wa ndani ya tairi unaoziba matundu, ilimwagika yote. Utambi wa mpira nilioutia kwenye mpasuko ili kuuziba haukushika, kwa kuwa ubavu ni mwembamba na hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Na tyubu ya akiba niliyoitia baadaye ilichomoza kupitia mpasuko huo kama puto, kwa sababu sikuwa na kipande cha tairi kuukuu cha kuizuia kwa ndani. Nilikokota baiskeli kwa saa mbili na zaidi chini ya jua la mchana. Kosa halikuwa la aliyeyatengeneza matairi yale. Kosa lilikuwa kuyapeleka mahali yasikoundiwa.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalosoma kwenye tairi ni muundo wa mwili wake. Tairi limefumwa kwa nyuzi kabla ya kufunikwa kwa mpira, na idadi ya nyuzi hizo katika kila inchi huandikwa kwa herufi TPI. Tairi la TPI 60 lina nyuzi nene zenye mpira mwingi katikati yake, na kwa kawaida huwa zito na gumu zaidi. La TPI 120 lina nyuzi nyembamba, hujinyumbua vizuri juu ya vijiwe na huwa jepesi, lakini likiwa la tabaka moja bila nyongeza yoyote hukatika kwa urahisi. Ndiyo maana watengenezaji huongeza kinga. Kampuni ya Maxxis ya Taiwan huita kinga yake ya ubavuni EXO, ambayo ni kitambaa kigumu kinachozuia kukatwa. Ngazi ya juu zaidi huitwa DoubleDown, nayo ina matabaka mawili ya TPI 120 pamoja na ukanda wa mpira karibu na rimu. Na kuna ile ya mashindano ya kuteremka mlima, yenye matabaka mawili ya TPI 60, ambayo mtu anayepanda kwa nguvu za miguu yake hana haja nayo. Wauzaji wengi hutaja jina la tairi na ukubwa wake tu, wakaacha neno hili la ubavu, ilhali tairi la jina moja linaweza kuja katika miili mitatu yenye tabia tofauti kabisa. Ulizeni, na msikubali jibu kwamba yote ni sawa.

Mbele niliweka Maxxis Minion DHF ya ukubwa wa 29 x 2.5 yenye EXO, tairi lenye uzito wa takribani kilo 1. Herufi DHF zinaonyesha kwamba lilibuniwa kwa gurudumu la mbele katika mashindano ya kuteremka, na meno yake yamekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kubadilishwa sana, jambo ambalo katika biashara hii ya kutoa kitu kipya kila mwaka linasema mengi. Meno ya katikati yamepangwa kwa jozi na kukatwa mteremko upande wa mbele ili yasibishane na njia. Ya pembeni ni makubwa, yana msingi mpana, na hayapindi unapolilaza tairi juu ya mwamba.

Kutopinda huko ndiko kunakotakiwa. Juu ya jiwe kavu jino halina mahali pa kuchimba. Kinachokushikilia ni eneo la mpira linalogusa jiwe na uwezo wa jino kubaki wima. Meno marefu membamba, yale yanayong'ara dukani na yanayofaa kwenye matope, huinama juu ya jiwe kama majani, na mwendeshaji huhisi baiskeli ikiteleza kidogo hata kabla ya kupoteza mshiko wenyewe. Lakini kwenye kokoto zilizotawanyika juu ya ardhi ngumu mambo hugeuka, kwani hapo unahitaji ncha zinazoweza kusukuma kokoto kando na kufikia ardhi iliyo chini. DHF imenifaa kwa yote mawili. Katika mteremko wenye majivu wa Buffalo Circuit, ambako matairi yangu ya awali yalikuwa yakielea, hili huzama kidogo, kisha hutulia, kisha hugeuka pale ninapotaka.

Lina masharti yake. Kati ya meno ya katikati na ya pembeni kuna nafasi iliyo wazi, na mwendeshaji anayegeuza usukani bila kuilaza baiskeli hubaki juu ya nafasi hiyo, mahali ambapo mshiko ni mdogo. Ni lazima uilaze kwa uhakika mpaka meno ya pembeni yashike. Anayeanza, au anayeendesha kwa hofu katika kokoto, na sioni aibu yoyote katika hofu hiyo, atafanya vyema zaidi kuchagua Assegai, tairi lililotolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 2018. Lilibuniwa pamoja na Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa mbio za kuteremka katika miaka ya 2003, 2012, 2013 na 2021, na jina lake ni la ule mkuki wa kusini mwa Afrika. Nafasi iliyo wazi katika DHF imejazwa hapa kwa meno ya kati, hivyo mshiko hauna pengo popote kuanzia wima hadi kulala. Niliazima baiskeli yenye tairi hilo kwa siku moja huko Ngong, na kwa kweli kona zilikuwa rahisi. Lakini linakokota zaidi kwenye tambarare, nami njia zangu nyingi zina kilomita za barabara kabla ya mawe kuanza. Laiti ningekuwa napelekwa juu kwa gari na kuteremka tu, ningelinunua bila kufikiri mara mbili.

Gurudumu la nyuma lina maisha tofauti, na sijui kwa nini watu hununua matairi kwa jozi kana kwamba ni viatu. La nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, hupokea nguvu yote ya kukanyaga, na hugonga mawe ambayo la mbele limeshayapita kwa kuinuliwa kidogo. Linahitaji ubavu mnene kuliko la mbele, na meno mafupi kuliko la mbele. Niliweka Maxxis Aggressor ya 29 x 2.3 yenye DoubleDown, ambayo inazidi kilo 1. Meno yake ya katikati ni mafupi na yamekaribiana, kwa hiyo hukimbia vizuri kwenye ardhi ngumu na hayang'oki upesi, huku ya pembeni yakibaki makubwa kwa ajili ya kona. Katika miezi hiyo 14 tairi hili limepigwa na mawe ya Magadi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na lina makovu mawili marefu ubavuni ambayo hayakufika ndani. Uzito wa ziada ninausikia ninapopanda kutoka Olepolos kurudi Kona Baridi mwishoni mwa siku. Naukubali, kwa sababu najua bei ya kuukataa.

Kuna wasomaji ambao watasema kwamba wao hawateremki kwa kasi, kwamba safari zao ni za kilomita 60 au 80 za vumbi na vijiwe, na kilo mbili za matairi ni mzigo usio na sababu. Wana haki. Kwao ningependekeza Vittoria Mezcal ya Italia, iliyochanganywa na grafini (aina ya kaboni) katika mpira wake, yenye meno mafupi yaliyosongamana ambayo kwenye ardhi kavu na ngumu huenda kwa wepesi wa ajabu, ila wachague toleo lenye ubavu ulioimarishwa na waiache ile nyepesi ya mashindano. Kwenye majivu yenye kina haitawashikia kama DHF, wala haikuundwa kwa ajili hiyo.

Ugumu wa mpira wenyewe nitaugusia kwa ufupi. Mpira laini hushika jiwe vizuri zaidi na huisha haraka. Mgumu hudumu na huteleza. Utaratibu wangu ni mpira laini kiasi mbele, ambako kuteleza kunaangusha, na mgumu nyuma, ambako kuteleza kidogo kunarekebishika. Kwa Maxxis hiyo ina maana ya 3C MaxxTerra mbele na Dual nyuma. Kwa Schwalbe ya Ujerumani, mstari wa rangi kwenye tairi umekuwa ukionyesha ugumu kwa miaka mingi: wa rangi ya chungwa ni laini, wa buluu ni wa kati, mwekundu ni wa kasi.

Upepo una uzito sawa na tairi lenyewe katika hukumu yoyote ya haki, na nasikitika kila ninapomwona mtu amelipa fedha nyingi kwa tairi bora kisha akalijaza mpaka likawa kama jiwe. Tairi lililojazwa kupita kiasi halijinyumbui juu ya vijiwe. Hudunda kutoka kimoja hadi kingine, na mshiko wote ulionunuliwa hupotea hewani. Likipungua kupita kiasi, jiwe hulibana dhidi ya rimu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba, alama ambayo kila fundi baiskeli anaitambua. Kwa uzito wangu na rimu zangu natumia PSI (kizio cha msukumo wa upepo) 23 mbele na 26 nyuma, na ninapokwenda Magadi naongeza moja kila upande kwa sababu ya zile kingo za lava. Anza hapo ikiwa uzito wetu unakaribiana, punguza nusu PSI kwa kila safari, na usikiapo rimu ikigonga jiwe, rudi juu kidogo. Nunua kipimo cha upepo cha mkononi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutofautishi 22 na 27, na tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Katika safari ya kutoka Nairobi hadi Magadi kuna jambo lililonishangaza nilipolipima. Unateremka zaidi ya mita 1,000, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na kwa sababu hiyo kipimo husoma pungufu kwa takribani PSI 1.6, lakini joto nalo linapanda, na tofauti ya nyuzi 15 huongeza karibu kiasi hichohicho ndani ya tairi, kwa hiyo mchana hesabu hizo mbili hukaribia kufutana. Ukilala huko na kuanza safari alfajiri, joto likiwa limeshuka, tairi ulilolijaza Nairobi litakuwa limelegea kuliko ulivyokusudia. Pima upya kabla ya kupanda baiskeli.

Yote niliyosema yanahusu matairi ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu bali silanti ndani. Katika nchi ya migunga na mbigili sioni namna nyingine ya kuendesha kwa amani, kwa kuwa mwiba mmoja wa mbigili hutoboa tyubu kabla hujamaliza kuegesha, ilhali silanti huziba tundu kama hilo kabla hujatambua kwamba limetokea. Niliwahi kung'oa miba 11 kwenye tairi la nyuma baada ya safari moja ya Olorgesailie, na upepo ulikuwa umepungua kwa PSI 2 tu. Silanti, hata hivyo, ni maji na mpira, na katika joto la huko hukauka upesi. Mimi hutia mililita 110 kila tairi na kuangalia kila baada ya miezi miwili. Beba pia utambi wa kuzibia, tyubu moja, na kipande cha tairi kuukuu cha ukubwa wa kiganja, kilichokatwa kingo zake zikawa nyembamba. Kipande hicho hakina bei, na kingeniokoa ile siku ya jua kali.

Kwa anayenunua Nairobi, soma namba iliyochapwa ubavuni kabla ya kutoa fedha. Maneno ya inchi huchanganya, hasa kwa wenye baiskeli za mitumba, ambazo nyingi bado ni za inchi 26; namba ya milimita haichanganyi. Ikiishia na 622 ni ya gurudumu la inchi 29, 584 ni ya 27.5, na 559 ni ya 26. Namba inayotangulia ni upana, na upana huo uulinganishe na nafasi iliyopo kwenye fremu yako, kwa sababu fremu nyingi za zamani haziruhusu 2.4 nyuma, seuze 2.5. Herufi WT kwenye Maxxis zinamaanisha tairi limeundiwa rimu zenye upana wa ndani wa milimita 30 hadi 35. Ukiliweka kwenye rimu nyembamba ya miaka iliyopita, meno ya pembeni hujikunja kuelekea chini na umbo zima hubadilika. Bei ya jozi moja ya matairi ya namna hii inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa watu wengi, nami siwezi kulisema hilo kana kwamba ni jambo dogo. Ikiwa fedha zinatosha tairi moja, nunua la nyuma lenye ubavu mnene kwa ajili ya mawe ya Magadi, lakini kama njia zako ni za majivu na kona, anza na la mbele.

Kwa sasa DHF yangu imebakiwa na zaidi ya nusu ya meno ya katikati, na ya pembeni bado yana kingo zake. Aggressor imefika mwisho: katikati imeanza kuwa kipara, na ninapofunga breki kwenye kokoto inateleza mapema kuliko zamani, ingawa ubavu wake ungali mzima. Nimeagiza nyingine ileile, ya DoubleDown tena, ila safari hii ya upana wa 2.5 kwa kuwa nimepima fremu na nafasi inatosha, na nitaijaza PSI 25 kwa kuanzia.